Homa, virusi na umeme wa moyo: ECG inapobadilika, kumetokea nini?

Siku hizi karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, haikai kwenye faili la mgonjwa. Inapigwa picha palepale kwenye benchi la hospitali, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kabla mgonjwa hajaitwa kwa daktari, shangazi wa Mbagala na binamu wa Kimara wameshatoa maoni. Mtu alikwenda kwa homa na mwili kuuma. Juu ya karatasi mashine imechapa kwa Kiingereza kwamba kipimo si cha kawaida. Hukumu inapita: kirusi kimeingia kwenye moyo.

Hofu hiyo ina chanzo. Tangu UVIKO-19, jiji hili la Dar es Salaam limesikia habari nyingi za mtu aliyeugua mafua makali, akapona, kisha akaanguka ghafla. Milipuko ya homa ya dengi ya 2014 na 2019 nayo iliacha simulizi zake. Kuna ukweli humo, na kuna mkorogo mkubwa pia, na mkorogo huo unaumiza watu. Asiye na tatizo anakosa usingizi wiki nzima, mwenye tatizo la kweli anapewa na jirani kidonge cha presha na kuambiwa alale.

Maambukizi ya virusi hubadilisha umeme wa moyo kwa njia kadhaa, na nyingi kati ya hizo ni moyo kuitikia ugonjwa ulio mwilini. Chache ni za hatari. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari, zaidi ya kama kipimo kimebadilika, ni kwamba kimebadilika kwa sababu gani na kinatarajiwa kurudi lini. Kufika hapo inabidi tuanze chini kabisa.

Umeme wa moyo unatoka wapi

Moyo ni msuli, na msuli hukaza baada ya kupata ishara ya umeme. Umeme huo hutengenezwa humohumo ndani, na chembechembe za madini ya chumvi: sodiamu, potasiamu, kalisiamu, magnesiamu. Chembe hizi zina chaji. Zinapoingia na kutoka kwenye seli kupitia vijilango vidogo mno, chaji hubadilika, na badiliko hilo ndilo ishara yenyewe. Tutarudi kwenye chumvi hizi, kwa sababu huko ndiko makosa mengi ya majumbani yanakofanyika.

Aliyewahi kusimama ufukweni Kunduchi wavuvi wakikokota mashua nchi kavu anajua kazi ile inavyokwenda. Mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia na kuvuta kwa pamoja. Hata wawe na misuli ya namna gani, wasipovuta kwa wakati mmoja mashua haisogei. Moyoni anayeimbisha ni kikundi kidogo cha seli kilichopo juu, kwenye chumba cha juu cha kulia. Mtu mzima akiwa ametulia, kikundi hicho hutoa mwito mara 60 hadi 100 kwa dakika, yaani mapigo kama laki moja kwa siku. Mwito hupita vyumba viwili vya juu, hufika katikati kwenye kituo kinachouchelewesha kama sehemu ya kumi ya sekunde ili damu imalize kushuka, kisha husambazwa kwa kasi kwenye vyumba viwili vya chini, vile vinavyosukuma damu kwenda mapafuni na mwili mzima.

Matatizo ya mapigo yote yanaelezeka hapo. Mwimbishaji anaweza kuharakisha wimbo, au akauvuta mno. Mwito unaweza kukwama katikati, wa nyuma wasiusikie. Mvutaji mmoja anaweza kuvuta kabla ya zamu. Hilo ndilo pigo la ziada, ambalo mtu huhisi kama moyo umeruka. Na kuna wakati kila mmoja anavuta anavyotaka, kamba inatikisika na mashua iko palepale. Hilo likitokea kwenye vyumba vya juu, mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi akiwa kwenye matibabu. Likitokea kwenye vyumba vya chini, damu haisukumwi, na zinabaki dakika chache tu za kuokoa maisha.

ECG inapima nini

ECG husikiliza. Haiingizi umeme mwilini, ingawa bado wapo wanaoogopa kupigwa shoti. Unalala chali, unapakwa jeli ya baridi, unabandikwa vinasio kumi: vinne kwenye mikono na miguu, sita kifuani. Kutoka hapo mashine hutazama umeme wa moyo kwa pembe 12. Mholanzi Willem Einthoven, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924, ndiye aliyeweka misingi ya kipimo hiki, na hata herufi tunazotumia leo kutaja mawimbi yake ni zake.

Kipimo cha kawaida hunasa sekunde kama kumi tu. Pigo linaloruka mara tatu kwa siku halitakuwemo, na ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa ECG ni safi huku akijua kabisa moyo wake unaruka. Katika hali hiyo daktari huagiza kifaa cha kuvaa saa 24 au zaidi.

Mashine ikishachora hujaribu pia kusoma, na usomaji wake ndio ule unaochapwa juu ya karatasi. Ni usomaji wa woga, umetengenezwa usikose kitu, kwa hiyo hupiga kelele mara nyingi. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi ya homa huchora mistari yenye miiba midogomidogo, na mashine inaweza kuidhania ni mapigo yaliyovurugika. Vijana wenye asili ya Afrika, hasa wanaume na wanamichezo, mara nyingi wana mchoro ulioinuka kidogo baada ya pigo, nao ni wa kawaida kwao, lakini mashine huutilia shaka. Maandishi yale ni maoni ya kwanza. Anayetoa jibu ni mtu aliyekuona, akakugusa na kujua umeugua nini. Ukiwa na ECG ya zamani, nenda nayo. Daktari akizilinganisha anaona mengi ambayo karatasi moja haiwezi kumwambia. Karatasi hizo nyingi huchapwa kwa joto na hufifia, basi zitunze mbali na jua.

Homa yenyewe

Badiliko la kawaida kuliko yote kwa mwenye maambukizi ya virusi ni moyo kwenda mbio. Joto la mwili likipanda digrii moja ya Selsiasi, mapigo huongezeka kwa takriban 10 kwa dakika. Mtu ambaye kawaida yake ni 75, akiwa na homa ya digrii 39.5, kumkuta na mapigo 100 ni jambo la kutarajiwa. Muongezee upungufu wa maji, joto la Februari la hapa kwetu, foleni ya kumuona daktari na hofu ya majibu, utakuta 115. Mashine huita chochote kinachozidi 100 kuwa si cha kawaida. Moyo wenyewe hapo unafanya kazi yake. Homa ikishuka baada ya paracetamol na maji ya kutosha, mapigo nayo yanapaswa kushuka.

Yasiposhuka, hapo ndipo pa kuuliza. Na pa kuuliza zaidi ni kwenye dengi, kwa sababu ina mtego wake. Kwa wengi, homa ya dengi hushuka kati ya siku ya 3 na ya 7, na familia hushukuru Mungu na kurudi kazini. Kumbe kwa wachache, saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za hatari: maji ya damu huvuja nje ya mishipa, presha hushuka, na moyo hukimbia kujaribu kufidia. Mgonjwa ambaye homa imeondoka lakini mapigo yanapanda, viganja ni vya baridi, tumbo linauma na anatapika, hatakiwi kuwa nyumbani. Huyo hajapona. Na kwa kuwa dengi na malaria hazitofautishwi kwa macho, katika msimu wa mlipuko epuka diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hadi upimwe, maana zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

Dengi ina upande wa pili pia. Baadhi ya wagonjwa, hasa wanapoanza kupata nafuu, mapigo hushuka hadi 50 au chini kidogo. Inatisha ukiiona kwenye oksimita ya kidoleni, lakini mara nyingi hupita yenyewe ndani ya siku chache. Kinachotakiwa ni kuangaliwa, hasa kama kuna kizunguzungu.

Kirusi kinapofika kwenye msuli wa moyo

Hapa ndipo penye kile ambacho watu hukiogopa, na kipo kweli. Baadhi ya virusi huweza kuwasha msuli wa moyo, yaani kuufanya uvimbe. Vinavyojulikana ni pamoja na jamii ya koksaki, adenovirusi, virusi vya mafua makali, kirusi cha UVIKO-19, na kwa uchache dengi na chikungunya. Wakati mwingine kirusi chenyewe huharibu seli. Wakati mwingine kinga ya mwili, ikiwa vitani, hupiga na seli za moyo. Kwa kawaida dalili huja siku chache hadi wiki mbili tatu baada ya mafua au kuharisha, wakati mtu ameshasahau kwamba aliumwa.

Msuli ukivimba, baadhi ya wavutaji kamba wameumia na wengine wanasikia mwito kwa kuchelewa. Ndiyo maana ECG inaweza kuonyesha karibu kila kitu: mawimbi yaliyopinda, mapigo ya ziada, mwito uliokwama katikati hadi moyo ukapiga 35 kwa dakika, au mbio za vyumba vya chini. Inaweza pia kuonekana safi kabisa. Kwa sababu hiyo daktari huongeza kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja seli za moyo zinapoumia, na kipimo cha eko kinachoonyesha moyo ukisukuma.

Wengi hupona kabisa. Wachache hubaki na moyo uliotanuka na kudhoofika, na wachache zaidi hupoteza maisha ghafla, wakiwemo vijana ambao hakuna aliyejua wanaumwa. Ni kwa ajili ya hao wachache kwamba dalili hizi hazisubiri asubuhi: kuzimia, maumivu ya kifua, pumzi kukatika ukilala chali, miguu kuanza kuvimba, au moyo kwenda zaidi ya 120 ukiwa umetulia na huna homa.

Kwa wazee picha ni tofauti kidogo. Nimonia ya virusi kwa mtu wa miaka 70 mwenye presha ya miaka mingi huweza kuvuruga vyumba vya juu, mapigo yakawa hayana mpangilio wowote. Kulitambua hilo hakuhitaji mashine. Weka vidole viwili, si dole gumba, kwenye kifundo cha mkono upande wa chini ya dole gumba lake, uhesabu kwa sekunde 30 kisha uzidishe mara mbili. Ukiona pigo moja linakuja mapema, lingine linachelewa, na hakuna utaratibu unaoweza kuushika, mpeleke. Hali hiyo hufanya damu igande moyoni, na bonge likienda kwenye ubongo ni kiharusi.

Dawa za dukani na chumvi zilizopotea

Kama kuna sehemu moja ya makala haya ningeomba isomwe mara mbili, ni hii, kwa sababu hapa mgonjwa na muuza dawa wana uwezo wa kuzuia madhara.

Baada ya kila pigo, vyumba vya chini huhitaji muda wa kujichaji upya kabla ya mwito unaofuata. Kwenye karatasi muda huo hupimwa ndani ya kipande kinachoitwa QT. Ukirefuka mno, mwito mpya huwakuta wavutaji hawajanyoosha migongo, na moyo unaweza kuingia kwenye mbio za hatari. Madaktari huanza kushtuka QT, ikisharekebishwa kulingana na mapigo, inapozidi milisekunde 500, yaani nusu sekunde.

Mambo mawili huirefusha: upungufu wa potasiamu na magnesiamu, na orodha ndefu ya dawa tunazozifahamu sana. Azithromaisini na erithromaisini zimo. Siprofloksasini imo. Flukonazo, kwinini, klorokwini, na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika, zote zimo. Kwa mtu mwenye moyo mzima, moja ya dawa hizi iliyoandikwa kwa sababu maalumu ni salama kwa wengi mno, na sitaki mtu aache dozi yake kwa kusoma hapa. Tatizo ni kurundika. Mtu ana homa ya virusi, ametapika na kuharisha siku mbili, potasiamu imekwisha. Duka la kwanza analopita anapewa azithromaisini ya kifua, la pili siprofloksasini ya tumbo, nyumbani kuna mseto uliobaki, naye anaumeza bila kupima malaria. Mseto unaokoa maisha, lakini maelezo yake yenyewe yanatahadharisha kuuchanganya na dawa nyingine zinazorefusha muda huo. Hakuna kati ya dawa hizo inayoua kirusi cha homa yake.

Dunia nzima iliona jambo hili mwaka 2020. Klorokwini, ambayo Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na ndugu yake haidroksiklorokwini zilitangazwa kuwa tiba ya UVIKO-19, mara nyingi zikichanganywa na azithromaisini. Hospitali zikaanza kuona QT zikirefuka. Mwezi Juni mwaka huohuo jaribio kubwa la Uingereza la RECOVERY lilionyesha kwamba haidroksiklorokwini haikuokoa maisha ya waliolazwa, na Marekani ikafuta kibali chake cha dharura. Sehemu ya mabadiliko ya moyo yaliyosingiziwa kirusi yalitoka kwenye kidonge.

Mwambie muuza dawa kila kitu unachomeza, mitishamba ikiwemo. Pima malaria kwanza. Ukiharisha na kutapika, kunywa maji ya ORS. Pakiti ile ina potasiamu ndani yake. Madafu nayo yana potasiamu nyingi, ni kinywaji kizuri cha kuongezea. Isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye potasiamu ikimzidi moyo wake huweza kusimama. Yeye aulize kliniki yake kwanza.

Yanayosemwa mitaani

"Moyo unaenda mbio, hiyo ni presha." Hapana. Presha ni msukumo wa damu kwenye mishipa; mapigo ni hesabu ya moyo. Mashine ya presha ya mkononi huonyesha namba tatu: mbili za juu ni presha, ya chini kabisa ni mapigo, na hiyo watu wengi hawaiangalii kabisa. Mtu anaweza kuwa na presha 118/76 na mapigo 130. Kumpa dawa ya presha ya mwenzake, hasa akiwa na upungufu wa maji, kunaweza kumwangusha.

"Ni chanjo ya UVIKO-19 iliyoharibu mioyo ya watu." Chanjo za teknolojia ya mRNA, kama Pfizer na Moderna, ziliwasha msuli wa moyo kwa watu wachache sana, zaidi wavulana na vijana wa kiume, hasa baada ya dozi ya pili, na wengi wao walipata nafuu haraka. Hilo ni kweli na lilitangazwa wazi. Ila chanjo iliyoanza kutolewa nchini Julai 2021 ilikuwa ya Janssen, ambayo si ya mRNA. Na kwa ujumla kirusi cha UVIKO-19 chenyewe huwasha msuli wa moyo mara nyingi zaidi kuliko chanjo.

"Piga nyungu moyo utulie." Mtu mwenye homa ya 39 akifunikwa blanketi juu ya sufuria ya mvuke, joto lake linapanda, jasho linamtoka, na mapigo yanaongezeka. Nimeona wazee wakitolewa humo wakiwa hawajiwezi. Kama nyungu inampa mtu faraja ya pua iliyoziba, asifanye homa ikiwa juu, na asifanye akiwa peke yake.

Wanaoishi na VVU huambiwa kwamba ARV zinachosha moyo, basi wapumzike kidogo. Ushauri huo ni wa hatari. Kirusi kisichodhibitiwa huumiza msuli wa moyo kuliko dawa, na kabla ya ARV kudhoofika kwa moyo kulikuwa jambo la kawaida kwa wagonjwa wa hatua za mwisho. Zipo ARV chache zinazogusa QT, na kliniki yako inazijua. Waambie tu kabla ya kuongeza dawa nyingine.

Baada ya kupona

Moyo kwenda mbio ukisimama, kuchoka kwa kupanda ngazi moja, pigo kuruka jioni: mambo haya huweza kubaki wiki kadhaa baada ya mafua makali, na kwa baadhi ya waliopata UVIKO-19 miezi. Mara nyingi mfumo wa fahamu unaoongoza mapigo bado haujatulia. Kunywa maji ya kutosha, punguza kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, uwe makini pia na dawa za mafua za kufungua pua, maana nyingi zina viambato vinavyoharakisha moyo. Yasipopungua baada ya wiki nne hivi, kapimwe. Hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, ndizo mahali pa kuanzia, na yanayohitaji ubingwa hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Klabu za jogging za jiji hili zimefanya kazi kubwa ya kuwatoa watu kwenye viti, na ningependa zianze kuwauliza wanachama wao swali moja kila Jumapili alfajiri: nani alikuwa na homa wiki hii? Mafua ya puani tu hayamzuii mtu kutembea. Lakini mwenye homa, maumivu ya mwili, kikohozi cha kifuani au kuharisha akae nyumbani hadi dalili ziishe kabisa, kisha aanze kwa kutembea siku kadhaa kabla ya kukimbia. Akihisi kifua kinabana au kichwa chepesi njiani, asimame hapohapo na aende hospitali. Aliyethibitika kuwa msuli wa moyo wake uliwaka husubiri zaidi, kwa kawaida miezi 3 hadi 6, na kabla ya kuruhusiwa kukimbia hupimwa tena ECG, eko, kifaa cha saa 24 na ECG ya mazoezi.